Maziwa ya Siku ya Mlima

Watu wakisikia kwamba wakati wa Mdachi nilikuwa mwanamke mzima, wananikalisha chini niwasimulie kiboko. Kiboko kilikuwepo, sikatai. Kodi ilikuwepo, na akida mwenye mdomo mchafu alikuwepo. Lakini hatukuwa tukiamka asubuhi ili tupigwe. Tuliamka kukamua ng'ombe, kuteka maji, kusengenyana kidogo, kisha kwenda mjini. Mimi nina habari yangu, nayo ni ya sikukuu ya mlima ya Mabanyani wa Morogoro na maziwa ya mama yangu. Nitaisimulia nitakavyo. Asiyeitaka aende kwa wenye viboko.

Kwanza ng'ombe. Waluguru si watu wa ng'ombe, kila mtu analijua hilo. Milima yetu ni ya ndizi na maharage, na ng'ombe akiteleza kule juu utamwokota mtoni. Ng'ombe wetu walikuja na baba, Mkaguru, aliyemfuata mama hadi Bigwa akakaa kwenye ardhi ya ukoo wa mama, kama desturi yetu ilivyo. Baba alipofariki, mama akawashika wale ng'ombe barabara, hata wanaume wa Bigwa wakawa wanapita mbali na zizi. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Kiswahili alikisikia kidogo na kukidharau sana. Kwake yeye lugha ilikuwa Kiluguru, hizo nyingine ni kelele za sokoni.

Reli ilipofika Morogoro, Mabanyani walikuja nayo, wakafungua maduka kwenye njia itokayo stesheni kwenda Boma. Hawali nyama, na mtu asiyekula nyama anataka maziwa kila siku ya Mungu. Basi mimi nikawa mtu wa maziwa. Kila asubuhi nilishuka na kibuyu kichwani hadi uani kwa mwenye duka mmoja, mkewe akaleta chombo chake cha shaba, nikamimina kutoka juu bila kukigusa, yeye akapokea. Mwanzoni nilikasirika. Nikamwuliza, "Mimi nina ukoma?" Akacheka, akaniambia hata mama mkwe wake hakigusi chombo kile kabla ya kuoga. Tangu siku hiyo tukawa mashoga.

Alikuwa wa umri wangu, mwembamba, mcheshi, na Kiswahili alikuwa amekinyakua haraka kuliko mumewe aliyemtangulia nchini. Aliletwa kutoka kwao Bara Hindi akiwa bibi harusi, akatapika njia nzima baharini, na alipenda kunisimulia matapishi yale kwa ishara zote. Lakini kuna jambo ambalo hakulifanyia mzaha. Alikuwa amezika watoto. Wa kwanza Bagamoyo, waliofuata hapa hapa Morogoro, hakuna aliyefikisha mwaka. Alipojifungua tena, akapata binti, aliweka nadhiri kwa mungu wake: mtoto huyu akitembea kwa miguu yake, basi siku ya mlima yeye mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, atapeleka maziwa ya kumwogeshea mungu, na mtoto akiwa kiunoni. Wenzake wakamwambia nadhiri nzito kama ile huwekwa kwa mtoto wa kiume. Akawajibu mtoto ni mtoto. Nilimpenda sana kwa jibu lile.

Na binti akatembea. Haki ya Mungu, nilimwona siku ile ameshika sinia la mchele, akaliacha, akaja hatua kadhaa mpaka magotini kwangu. Mama yake aliangua kilio pale pale uani.

Sasa niwaeleze siku ya mlima. Mabanyani wana sikukuu yao ya taa, Diwali, inayokuja mvua za vuli zinapoanza kunyemelea. Taa zikiisha kuwaka, siku inayofuata ni mwaka mpya wao, na ndiyo siku ya mlima. Shoga yangu alinihadithia kisa chake. Zamani huko kwao ilinyesha mvua ya hasira, watu na ng'ombe wakawa wanasombwa na maji. Mungu wao, naye wakati huo alikuwa mchunga ng'ombe tu, akaunyanyua mlima kwa kidole chake kidogo, akaushika kama mwavuli, watu na mifugo wakaingia chini yake mpaka mvua ikachoka. Nikatazama Uluguru, umejaa anga lote nyuma ya duka lao, nikamwambia, "Huu wetu ungemvunja kidole." Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaangalia huku na huku kama mumewe amesikia.

Kwa hiyo kila mwaka wanautengeneza mlima. Wanatengeneza miwili. Mmoja ni wa samadi ya ng'ombe, uani, wanaupamba kwa maua na vijiti vya majani, na ng'ombe mwenye ndama anapitishwa juu yake. Wa pili ni wa chakula, ndani, mbele ya mungu: wali umerundikwa hadi kifuani mwa mtu, na kuuzunguka kuna maandazi yao ya samli, dengu, maboga, mabamia, biringanya, ndizi zetu za milimani, kila kinachoota. Pazia linafungwa. Mungu anaachwa ale peke yake. Jua likifika utosini, pazia linafunguliwa, anaogeshwa kwa maziwa, kisha ndipo watu wanapata. Kabla ya hapo hakuna anayeonja. Hata wapishi hawaonji. Niliuliza, "Chumvi mnajuaje?" Shoga yangu akasema, "Ikizidi, yeye ndiye atakayejua." Kitu kilichopita mdomoni mwa mtu ni masalia, na mungu hapewi masalia.

Miaka ya kwanza walifanya haya chumbani nyuma ya duka, bila ng'ombe wa kweli. Mwaka ule walikuwa wamemaliza kujenga hekalu lao, dogo, la udongo na bati, lenye ua mpana. Wakataka ng'ombe mwenye ndama. Shoga yangu akanijia, "Nakuomba umlete yule mwekundu wenu, na maziwa yake yawe ndiyo ya nadhiri yangu." Ng'ombe wengine wenye maziwa ya kutosha walikuwa kwa Wakwavi huko Dakawa, safari ya siku nzima. Nikamwambia asihofu.

Mwekundu alimtii mama tu. Mimi alikuwa ananipiga teke. Basi nikamweleza mama habari yote, pamoja na watoto waliozikwa. Alikwenda zizini, akampapasa Mwekundu mgongoni. Kisha akasema, "Nitakwenda mwenyewe. Na wasinilipe. Maziwa ya kuuza ni ya kuuza, haya ni ya mtoto."

Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Kwetu, ukimpa mtu kitu cha kunywa kwa moyo, unaonja kwanza mbele yake. Tunaita kuondoa uchawi. Unamwonyesha kwamba kilichomo ni chakula tu, na kama kuna baya lianze na wewe. Ya kuuza hatuonji, huko ni biashara. Lakini zawadi, tena zawadi ya mtoto, tena mtoto aliyefiwa na ndugu zake! Asiyeonja hapo ni mchawi au hana adabu. Nikamwambia njiani, "Mama, hawa watu usiwaonjee. Kwao ni haramu." Akasema, "Nimesikia." Mama akisema amesikia, maana yake amesikia. Hajasema atafanya.

Tukashuka asubuhi, yeye na Mwekundu mbele, ndama nyuma, mimi na kibuyu kichwani, kimejaa maziwa ya alfajiri. Pale njia panda askari akatuzuia: ng'ombe hawapiti njia ya Boma. Nikamwambia ng'ombe huyu anakwenda kusali, na kama anataka amzuie, atajibu mwenyewe mbele ya Mungu. Alicheka mpaka kofia ikamlegea. Tukapita.

Ua wa hekalu ulikuwa umefagiliwa ukang'aa. Wanawake wa Kibanyani walikuwa wamevaa nguo za rangi ambazo sijaziona tena mahali pengine, na ule mlima wa samadi umechomekwa maua ya njano. Mlangoni alisimama mzee wao wa ibada, waliyemwita Maharaji, amevaa nguo nyeupe na uzi begani. Shoga yangu alitoka kutulaki, mtoto kiunoni, chombo cha shaba mkononi. Alikuwa hajala wala kunywa tangu jana yake. Midomo ilikuwa imekauka lakini uso unawaka. Akasema, "Shikamoo mama."

Mama akaitikia. Akakichukua kibuyu kichwani kwangu kabla sijakitua mwenyewe, akakizibua. Nikasema, "Mama!" Alinitazama mara moja tu. Akakiinua, akanywa funda moja zuri, akapangusa mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akamnyooshea shoga yangu kwa mikono miwili. "Haya. Salama. Mpe mwanao na mungu wake."

Lo! Wanawake wakavuta nguo zao nyuma kana kwamba kuna moto. Maharaji akasema maneno machache kwa lugha yao, na sikuhitaji mkalimani. Mwenye duka, mume wa shoga yangu, akanijia akiwa amekunja mikono kifuani kwa aibu, maana hakuwa mtu mbaya, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba maziwa yale hayafai tena, yakamwagwe kwenye migomba.

Mama akaniuliza amesema nini. Ningeweza kudanganya. Lakini mama alikuwa anazisoma nyuso kuliko mimi ninavyosoma maandishi, kwa hiyo nikamwambia.

"Yakamwagwe?"

"Wanasema yameonjwa, mama. Mungu wao hapewi kilichoonjwa."

"Nimeonja ili mtoto wake asidhurike. Nimeweka roho yangu mbele ya roho ya mtoto wake. Na wao wanamwaga?" Alisema kwa Kiluguru, lakini kwa sauti ile hata bati la hekalu lilielewa. "Kinywa changu kina sumu? Mwambie. Mwulize kinywa changu kina nini."

Sikumwuliza. Mama akakiweka kibuyu chini, akaikamata kamba ya Mwekundu, akamgeuza kichwa kuelekea Bigwa. Ndama akageuka naye. Na jua lilikuwa limekaribia utosini.

Nikamkimbilia. Nilimwambia Mwekundu bado ana maziwa, yale aliyomwachia ndama, na yakikamuliwa hapa hapa mbele ya watu bila mtu kuonja yatafaa, na nadhiri itatimia. Nilimsihi, nikamkumbusha makaburi yale madogo. Akanijibu, "Maziwa yangu yanamwagwa. Ng'ombe wangu hakamuliwi hapa." Nikarudi kwa Maharaji, nikamwambia kwa Kiswahili kisichokuwa na heshima kubwa kwamba yule mwanamke amefanya vile kwa mapenzi, na mapenzi hayanajisi kitu. Akaniambia kwa upole anajua, mwanangu, lakini sheria haikutungwa na yeye. Upole wake ulinikera kuliko matusi. Pale nilikuwa nagombana na watu wawili, na wote wawili walikuwa na haki! Hiyo ndiyo adha mbaya kuliko zote, ugomvi usio na mkosaji wa kumpiga kofi.

Shoga yangu muda wote huo alikuwa anamtazama mama anavyokwenda. Kisha akamkabidhi mumewe mtoto, na kile chombo cha shaba. Akaenda mpaka pale kilipowekwa kibuyu, akakiokota. Akamwita, "Mama!"

Mama akageuka.

Akanywa. Hakuonja, alikunywa hasa, kichwa nyuma, akiwa ameweka midomo yake pale pale mama alipoweka yake, maziwa yakamtiririka kidevuni hadi kwenye nguo yake ya sikukuu. Nyuma yangu mwanamke mmoja alipiga yowe. Mumewe alimwita jina lake mara moja, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mume wa mtu. Alipomaliza alikipangusa kibuyu mdomo kwa kiganja, vile vile kama alivyomwona mama akifanya, akasema kwa Kiswahili cha polepole ili mama aelewe, "Kinywa chako hakina kitu, mama. Nimekunywa. Naomba maziwa ya mtoto."

Mama alisimama na kamba yake. Kisha akamrudisha Mwekundu, akamfunga kwenye nguzo ya ua, akachuchumaa, akasema, "Walete chombo chao."

Mwenye duka mwenyewe ndiye aliyechuchumaa upande wa pili, ameshika kile chombo chini ya kiwele, kilemba kimemwendea upande, mama asije akakigusa. Ng'ombe wetu hawaachii maziwa mpaka ndama aanze. Mama akamwachia ndama, akanyonya, akavutwa pembeni analalamika, na hapo ndipo maziwa yakaja. Nikamtazama Maharaji. "Na huyu je? Huyu hajaonja?" Akasema kinywa cha ndama hakinajisi, ndivyo ilivyoandikwa.

Lakini maziwa yalijaa. Meupe, ya moto, yenye povu. Nilifurahi jamani. Nikajiona mimi ndiye niliyeyasuluhisha yote, nikasimama katikati ya ua ule kifua mbele. Kengele ikalia ndani, jua lilikuwa limefika. Watu wakaanza kuvua viatu na kuingia.

Mwenye duka akaenda kwa mkewe. Sikuelewa walichosemezana, kilikuwa kifupi. Maharaji naye akasema neno, akiwa ameinamisha kichwa. Shoga yangu akaitikia. Akambusu mtoto, akamtengeneza nguo, akampangusa pua. Kisha mume akaingia na chombo mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, na yeye akabaki amesimama pale uani, karibu na mlima wa samadi.

Nikamwambia, "Ingia, shoga! Watafungua pazia."

Akatikisa kichwa.

"Siingii leo. Nimekunywa masalia ya mtu mwingine. Mpaka nifunge na kujitakasa, na hiyo ni kazi ya siku nyingi. Baba yake ndiye atakayempeleka, na maziwa."

Nadhiri ilikuwa mikono yake. Kwa mikono yake mwenyewe, mtoto kiunoni, hivyo ndivyo alivyokuwa ameniambia tangu mtoto yule hajakaza shingo. Nikamwuliza kama mungu ataikubali namna hii. Akasema hajui. Maharaji naye amesema hajui, lakini mtoto ni lazima apelekwe.

Mama akanivuta kanga. "Mbona haingii? Si yeye mwenye mtoto?"

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, neno kwa neno, na nilipofika kwenye kibuyu nikaona uso wa mama unabadilika. Mama yangu, ambaye sikumwona akilia hata tulipomzika baba, alijishika kifua. Hakuwa amejua. Alidhani yule mwanamke alimwondolea aibu tu.

"Mwambie," akasema, "mwambie kama ningejua ningekamua mwenyewe. Nisingengoja anywe. Mwambie alipokunywa hakujua litakalompata, na mimi sikujua, basi tusilaumiane."

Nikamwambia shoga yangu.

Ndani pazia lilivutwa, watu wakapaza sauti wote kwa pamoja, kengele zikalia mfululizo, na kutoka pale uani hatukuona kitu ila migongo. Shoga yangu alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu akijaribu kumwona binti yake juu ya mabega ya watu. Hakugeuka aliponijibu.

"Mwambie nilijua."